Glaida ya fomubodi ya mita 1.5 inabembea na kutua kwa kasi Nakuru: niongeze mota au nipunguze uzito?

Tiara_Nakuru

Wadau, hamjambo. Naomba mnisaidie kuikagua glaida hii (ndege ndogo ya kuelea, ya kuongozwa kwa redio) kabla sijashika kisu tena.

Mchoro ni wa mtandaoni: mota puani, eleveta (bapa la mkiani la kupandisha na kushusha pua) na usukani wa mkia tu, aileroni (mabapa ya bawa ya kuilaza ndege upande) hakuna. Kipande cha kati cha bawa ni sm 90 kwa sm 20. Ncha ni mbili, kila moja sm 30, upana unapungua kutoka sm 20 hadi sm 14. Ukingo wa mbele umenyooka toka ncha hadi ncha, upunguzo wote uko nyuma. Ncha zimeinuliwa sm 6.

Fomubodi, yaani ubao wa povu wenye karatasi pande zote mbili, ni ile ya mm 5 ya duka la vifaa vya shule, karatasi zake zote zipo. Boriti ya bawa ni bomba la alumini la mraba, mm 10. Mota ni saizi ya 2212 ya 1000KV (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), propela 10x4.5 (inchi za kipenyo kwa inchi za hatua) isiyokunjika, ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) ya ampea 30, betri 3S 2200 (seli tatu, mAh 2200). Servo (vimota vya kusogeza eleveta na usukani) mbili za gramu 9 nimezibandika mkiani kabisa. Mkia ukazidi, nikaweka gramu 60 za risasi ya kuvulia puani. Sasa ndege nzima ina gramu 980, na kitovu cha uzito kiko mm 45 nyuma ya ukingo wa mbele.

Dalili zake ni hizi. Nikifungua mota pua inanyanyuka kwa nguvu. Nikizima, inapanda, inaishiwa, inaangusha pua, inakimbia, inapanda tena, mtindo huo huo mpaka chini, kama mtoto kwenye bembea. Nikikata kona polepole ncha ya ndani inadondoka ghafla. Kutua nako ni kama kurusha jiwe.

Mchoro unadai ndege hii "inaelea". Nawaza mota kubwa zaidi au betri ya 4S, maana hewa ya huku juu ni nyepesi. Niko sawa?

---

Turbo_Naks

Weka mota kubwa ya 2216 na betri ya 4S umalize kazi. Huku juu bila nguvu huendi popote.

---

Rula_na_Mizani

Ndugu Tiara, toa kwanza mkono mfukoni. Ugonjwa wako si mota, na ushauri wa Turbo utauongeza.

Hewa nyepesi ni kweli, ila tuiweke kwa namba. Usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225. Nakuru mjini, kama mita 1,850 juu, mchana wa nyuzi 25, zinabaki kama kilo 0.95. Bawa lako limepokonywa takribani asilimia 22 ya hewa ambayo mchoraji aliitegemea.

Eneo la bawa lako ni desimita za mraba 28.2. Ukigawa gramu 980, kila desimita ya mraba inabeba gramu 35. Kwa bawa la namna hii, kasi ambayo chini yake linaacha kubeba ni kama mita 7.5 kwa sekunde usawa wa bahari. Kwako ni 8.5. Unaweza kusema mita moja tu, lakini kishindo cha kutua hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo unagonga nyasi kwa nguvu zaidi ya robo. Ndiyo hilo jiwe lako.

Geuza hesabu sasa. Ili ndege hii iruke Nakuru kama ilivyoruka kwa aliyeichora, uzito ushuke hadi karibu gramu 760. Betri ya 4S ya 2200 inaongeza kama gramu 60 juu ya 3S, na 2212 nyingi za 1000KV zimeandikwa mwisho 3S. Ukiipa 4S na propela ya inchi 10 utanusa waya zikiungua kabla ya kufika juu ya miti.

Kuhusu kubembea. Kitovu cha uzito kiko mbele mno. Pua nzito, kwa hiyo nina hakika umeinua eleveta kidogo ili ndege isipige mbizi. Sasa tazama: ndege ikishika kasi, ile eleveta iliyoinuliwa inasukuma mkia chini kwa nguvu zaidi, pua inapanda, kasi inaisha, bawa linaacha kubeba, pua inaanguka, kasi inarudi. Hakuna mota itakayoponya hilo.

Wastani wa upana wa bawa lako, ukihesabu na ncha, ni mm 190. Glaida ya eleveta na usukani hukaa vizuri kati ya asilimia 30 na 35 ya upana huo, yaani mm 57 hadi 66 kutoka ukingo wa mbele. Wewe uko asilimia 24. Anza na 57, usiruke moja kwa moja hadi 66.

Halafu kila ukisogeza, fanya jaribio la mbizi. Panda mita 80 hivi, zima mota, rekebisha hadi iende sawa bila wewe kugusa kijiti. Isukume pua chini kama nyuzi 30, achia, hesabu moja, mbili, tatu. Ikichomoka juu kwa haraka, pua bado nzito: rudisha betri nyuma mm 3 hadi 5 na ushushe eleveta kidogo ili iende sawa tena. Ikiendelea na mbizi huku ikijinyoosha polepole, acha hapo hapo. Ikizidi kukunja pua chini, umepitiliza. Ivute taratibu, tua, rudisha betri mbele. Fanya hivi asubuhi kabla hewa haijaanza kuchemka, la sivyo utakuwa unapima upepo.

---

Mvuvi_wa_Dunga

Niongeze upande wa kukata uzito, maana Rula amekuambia wapi pa kufika bila kukuambia njia.

Anza na servo. Mkia wako uko kama mm 600 nyuma ya kitovu cha uzito, na risasi yako iko kama mm 220 mbele. Gawanya: kila gramu ya mkiani inadai karibu gramu 3 puani. Servo mbili pamoja na waya ndefu za kuunganishia ni kama gramu 25. Zilete mbele chini ya bawa, na risasi yote inatoka. Hapo hapo umepunguza uzito mara mbili kwa kazi moja.

Waya za kusukuma eleveta na usukani usitengeneze kwa spoku ya baiskeli, ingawa kila fundi atakuambia hivyo. Spoku ya mm 2 yenye urefu wa mm 600 ina gramu 15. Waya wa chuma wa mm 1 wa urefu huo ni chini ya gramu 4. Tofauti hiyo zidisha kwa mbili, na nusu yake iko nyuma. Ila waya wa mm 1 ukiachwa wazi hupinda ukisukumwa: kwenye mbizi utavuta kijiti na eleveta itasogea nusu tu. Upitishe ndani ya mrija mwembamba wa plastiki, na huo mrija uubandike kwenye ukuta wa kiwiliwili kila baada ya sm 10. Jaribu kwa kushika eleveta kwa vidole na kumwambia mtu asukume kijiti. Ukiona waya unatanua tumbo mahali, ongeza tone la gundi pale.

Bomba la alumini litoe. La mm 10 lenye ukuta wa mm 1, urefu wa sm 90, ni karibu gramu 87. Badala yake nenda kwa fundi seremala akupasulie vipande viwili vya saipresi, mm 10 kwa mm 3, nyuzi zilizonyooka, bila jicho hata moja. Kimoja kilale chini ya ngozi ya juu, kingine juu ya ngozi ya chini, katikati simamisha ukanda wa fomubodi, bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Vyote viwili ni kama gramu 25 na havipindi, kwa sababu mbao ziko mbali, moja inavutwa na nyingine inasukumwa. Bomba lile lilikuwa linabeba uzito wake lenyewe.

Karatasi: ya ndani ya bawa ibandue kabla ya kukunja, ya nje iache. Kwenye fomubodi za bei ya chini karatasi mara nyingi ni nzito kuliko povu lenyewe. Lowesha kwa sponji, ngoja dakika mbili, anza pembeni, vuta karatasi ikiwa imelala karibu na ubao. Ukiivuta kwenda juu inang'oka na povu na unabaki na mashimo. Usibandue ukanda ambapo boriti inakaa, gundi ya mbao inahitaji karatasi ya kushika.

Na betri: 3S 1300 ni kama gramu 110 badala ya 180. Glaida haihitaji mota ikinguruma dakika kumi na tano, inahitaji mipando minne mitano ya sekunde 30.

Gundi: supa glu ya kawaida, gundi ya viatu na rangi nyingi za kupuliza hula povu kama mchwa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Gundi ya bunduki ni rahisi lakini nzito, na ndege ikiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, kama huku kwetu Kisumu saa nane mchana, inalegea na mkia unakaa upande.

---

Bi_Upepo

Mvuvi kasema vizuri, ila nampinga kidogo: Tiara, ukibandua karatasi usiguse eleveta na usukani. Zile ni bapa moja bila boriti. Ukitoa karatasi zinaanza kutetema kwenye mbizi, utasikia kama bendera inapigwa na upepo, na sekunde chache baadaye bawaba ya seloteipu inachanika. Gramu utakazookoa pale ni chache na risasi imeshatoka.

Ncha inayodondoka. Kupunguza uzito kutasaidia, lakini ncha ya sm 14 ni nyembamba na itaacha kubeba kabla ya kipande cha kati kila ukienda polepole. Dawa ni kuisokota ncha ili ukingo wake wa nyuma uwe juu kidogo kuliko wa kati. Nyuzi 2 kwenye upana wa sm 14 ni karibu mm 5, na mm 5 ndiyo unene wa fomubodi yako. Kwa hiyo unapobandika ncha, weka kipande cha fomubodi chini ya kona ya nyuma kabisa, ukingo wa mbele ulale juu ya matofali au vitabu vyenye kimo sawa, halafu gundi ikauke ikiwa hivyo. Fanya pande zote mbili kwa kipande kile kile. Kama upande mmoja umesokotwa na mwingine haukusokotwa, ndege itajipinda daima upande mmoja na utadhani ni usukani.

Ukimaliza simama mita tatu nyuma ya ndege, funga jicho moja, tazama bawa kutoka mkiani. Sehemu ya chini ya ncha zote mbili ionekane sawa. Macho hapa ni bora kuliko rula.

Pua kunyanyuka mota ikifunguliwa: mota iangalie chini kidogo. 2212 nyingi zina mguu wa msalaba, matundu ya skrubu ni mm 16 upande mmoja na mm 19 mwingine. Washa ya kawaida ya M3 (ya skrubu ya mm 3) ina unene wa mm 0.5. Weka washa moja moja kati ya mguu wa mota na ubao wake, kwenye matundu ya juu. Kwa umbali wa mm 16 hiyo ni karibu nyuzi 1.8. Jaribu. Bado inapanda? Ongeza ya pili. Usianze na tatu. Na kumbuka, ukishasogeza kitovu nyuma na kushusha eleveta, sehemu ya tatizo hili itaondoka yenyewe, kwa hiyo washa ziwe kazi ya mwisho.

---

Rula_na_Mizani

Bi Upepo yuko sawa kuhusu mkia, nakubali.

Propela ndiyo imebaki. Hiyo 10x4.5 isiyokunjika inazunguka kama pangaboi ukizima mota na inakuvuta nyuma muda wote unaoelea. Tafuta ya kukunja, 10x6. Kwa kawaida 10x6 ingekuwa mzigo mzito zaidi kwa mota kwa kama theluthi, lakini hewa ya Nakuru imeshapunguza mzigo kwa asilimia 22, kwa hiyo unarudi karibu pale pale mota ilipopangiwa. Hapa ndipo hewa nyepesi inapokufaa. Hata hivyo usiniamini mimi wala hesabu yangu: weka wati mita kati ya betri na ESC, fungua mota yote sekunde tano ndege ikiwa imeshikwa imara, soma ampea, ulinganishe na zilizoandikwa kwenye mota. Ukipita, shuka hadi 10x5. Na uache matundu ya hewa mbele na nyuma ya ESC, la nyuma liwe kubwa kuliko la mbele. Hewa nyepesi haipoozi vizuri kama ya Mombasa.

---

Turbo_Naks

Haya, mmenishinda kwa kikokotoo. Lakini kwenye upepo ndege ya gramu 750 si itarudishwa nyuma?

---

Mvuvi_wa_Dunga

Turbo, hapo una hoja, na ndiyo maana saa ina maana. Huku Kisumu upepo wa ziwani unaanza kuingia nchi kavu karibu saa sita mchana, na alasiri mawingu ya mvua yanajijenga upande wa Nandi. Glaida nyepesi ni ya asubuhi, saa mbili hadi saa tano. Kukiwa na upepo, chomeka gramu 80 za risasi hasa kwenye kitovu cha uzito, si puani, ili mizani isibadilike. Jioni unatoa. Uzito unaoongezwa kwa hiari ni kitu kimoja, uzito wa alumini uliobandikwa ndani ni kingine.

Kwa Nakuru, wakati wa kiangazi tafuta mwewe anayezunguka bila kupiga bawa. Pale kuna hewa moto inayopanda, ingia upande huo huo anaozungukia. Chamchela la vumbi nalo ni alama ya hewa inayopanda, lakini usilisogelee likiwa chini, linasokota bawa la fomubodi kama karatasi ya chapati.

---

Bi_Upepo

Na mahali pa kurushia, kabla hujaenda: hifadhi ya Ziwa Nakuru usifikirie, na kaa mbali na uwanja wa Lanet, ni wa jeshi. Usajili na vibali ni vya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, chini ya kanuni za 2020 za ndege zisizo na rubani. Futi 400 ndiyo dari, yaani kama mita 120, na ndege isitoke machoni. Ukingo wa Menengai unavutia kwa sababu upepo unaopanda ukuta unabeba glaida bila mota kabisa, lakini ndani kule ni mawe ya lava. Ukipoteza ndege chini ya ukuta, imekwenda. Na ukitua juu, usitue karibu na ukingo. Nyuma yake hewa inajipindua kwenda chini. Rudi nyuma vizuri kabla ya kushuka.

---

Tiara_Nakuru

Asanteni sana wote. Nimefanya: servo mbele, waya mm 1 kwenye mrija, boriti ya saipresi, karatasi ya ndani nje, betri 1300, ncha zimesokotwa mm 5. Mizani inasoma gramu 748 bila risasi hata chembe. Kitovu kiko mm 60 na mbizi inajinyoosha polepole. Kubembea hakuna. Washa ni moja tu.

Limebaki jambo moja. Propela ya kukunja 10x6 haikunji. Nikizima mota inaendelea kuzunguka polepole, na mota ikiwa kwenye nusu ya nguvu kuna mtetemo unaosikika hadi kwenye bawa. Ampea ziko ndani ya kiwango.

---

Rula_na_Mizani

Hayo ni mawili tofauti.

Haikunji kwa sababu breki ya ESC imezimwa, nyingi hutoka kiwandani hivyo. Toa propela kwanza. Washa redio kijiti cha mota kikiwa juu kabisa, chomeka betri, subiri milio ya kuingia kwenye mipangilio, kwenye mlio wa breki shusha kijiti. Mpangilio wa milio uko kwenye karatasi ya ESC yako, usitumie wa ESC nyingine. Breki ikishika, shafti inasimama na upepo wenyewe unalaza mabapa.

Mtetemo: skrubu za bawaba za mabapa umezikaza mno. Bapa linatakiwa lianguke kwa uzito wake ukiinamisha ndege, lakini lisicheze kushoto na kulia. Legeza robo mzunguko kila moja. Ukiona bado, toa mabapa yote mawili uyapime kwenye mizani ya gramu 0.1. Lililo zito lisugue kwa msasa upande wa mgongo karibu na ncha, kidogo kidogo, hadi yalingane. Usisugue ukingo wa mbele.

---

Mvuvi_wa_Dunga

Na kabla ya kuipeleka juu tena, angalia skrubu za mota. Mtetemo wa namna hiyo hulegeza M3 kwa betri mbili tu. Tone dogo la rangi ya kucha kwenye nyuzi linazishika, na bado utaweza kuzifungua baadaye.